Mteja wa Chiriku

Bei mpya ilikuwa imebandikwa juu ya ile ya zamani, gundi yake bado mbichi, na mwenye duka la kuchapisha hakutaka maswali.

"Karatasi imepanda, wino umepanda, umeme umepanda," alisema bila kuinua uso. "Niliyebaki pale pale ni mimi peke yangu."

"Jana uliniambia bei nyingine."

"Jana ilikuwa jana, dada. Unachapa, huchapi? Kuna watu nyuma yako."

Watu wenyewe walikuwa wanafunzi wenzake wa mwaka wa mwisho, kila mmoja na flashi mkononi, wote wakienda kutetea mipango yao siku hiyo. Chiriku alichapa nakala mbili badala ya tatu, akakataa jalada la plastiki, akazibana kwa pini. Chenji haikufika nauli. Akatembea.

Jina la Chiriku walimpachika wenzake mwaka wa kwanza, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Hata wahadhiri walimwita hivyo, na yeye aliitika.

Somo kubwa la mwaka wa mwisho lilikuwa kumwandalia mteja mpango wa fedha, na si mteja wa kwenye kitabu. Kila mwanafunzi alipewa mtu wa mtaani, mwenye kipato kidogo, aliyekubali kuketi na kuulizwa. Mwalimu wao aliwafundisha vizuri. Hilo Chiriku hakulikana hata baadaye. Aliwafundisha kuuliza kabla ya kushauri, na kutokunja uso mteja anapotaja madeni yake. "Mpango ni wa mteja," alikuwa akisema huku akigonga meza. "Ukimaliza kuuandika na mwenyewe hajioni ndani yake, umeandika insha."

Mteja wa Chiriku alikuwa dobi wa hospitali, mama wa makamo, mjane, ambaye sabuni kali ilikuwa imemchubua vidole hadi kucha zikakonda kama karatasi. Walikutana katika chumba cha kupigia pasi, mashuka yamerundikwa hadi dirishani, joto la kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Chiriku alipofika kwenye maswali ya kupima uvumilivu wa hasara, aliyasoma kama yalivyoandikwa.

"Soko likishuka kwa robo, utafanya nini?"

"Soko lipi, mwanangu? La mboga?"

"La hisa, mama."

"Hilo sijawahi kwenda. Kuna foleni?"

Walicheka mpaka pasi ikaunguza foronya ya watu. Tangu hapo dobi akalegeza ulimi. Alikuwa na akiba katika chama cha wafanyakazi, si haba. Lakini hospitali ilikuwa mbioni kuikabidhi kazi ya kufua kwa kampuni ya nje, na kila mtu alijua madobi wangeachishwa kabla mwaka haujaisha. Yeye na wenzake wawili walitaka kuchanga wanunue mashine kuukuu ya kufulia, wafulie nyumba za wageni. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mchumba.

Chiriku alienda mwenyewe kuulizia bei za mashine, na kodi ya banda lenye maji ya bomba. Mpango aliouandika haukuwa na maneno makubwa. Nusu ya akiba ikae mahali inapochukulika siku yoyote. Nusu nyingine iingie kwenye mashine, fundi akishaikagua na wote watatu wakishaandikiana mbele ya shahidi. Alipomsomea, dobi alisema, "Huyu kweli ni mimi."

Kilichokosekana ni ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo hakuna mwanafunzi aliyeuandika. Ulikuja umeshachapwa kutoka kampuni ya bima iliyoifadhili idara. Ulieleza mkataba uitwao Mavuno: mteja achangie kila mwezi kwa miaka kumi na miwili. Akikwama katika miaka ya mwanzo, atarudishiwa nusu ya alichoweka. Habari ya nusu ilikuwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kujaza jina la mteja, na mteja asaini siku ya utetezi.

Kabla ya zamu yake mwalimu alimwita ofisini.

"Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

"Haumfai mteja wangu, mwalimu. Anaachishwa kazi. Atachangia kwa pesa gani?"

"Sijauliza kama unamfaa. Nimeuliza uko wapi."

"Lakini si wewe uliyetufundisha kwamba..."

"Najua nilichofundisha!" Akashusha sauti, maana afisa wa kampuni alikuwa chumba cha pili. "Sikiliza, binti. Kompyuta mnazotumia zimetoka kwao. Rangi ya ukuta huu, kwao. Mimi mwenyewe mkataba wangu unahuishwa kila mwaka, na mshahara unatoka mfuko huohuo. Ni karatasi moja. Ijaze, upite. Ukishapata kazi yako utashauri unavyotaka."

Alimsogezea karatasi ya Mavuno isiyojazwa jina. Chiriku aliipokea, akatoka.

Mlangoni alisoma ujumbe wa kaka yake, mchomeleaji wa mageti, aliyemlipia ada miaka yote na kuahirisha ndoa mara mbili. *Leo ndiyo mwisho?* Akajibu: *Leo ndiyo mwisho.*

Dobi alikuwa ameshaketi ndani, amevaa gauni lake la siku kuu. Afisa wa kampuni, dada mwenye tabasamu lisilochoka, alisikiliza mpango wote akiitikia kwa kichwa kwa adabu.

"Kazi nzuri sana," alisema mwishoni. "Ila hujatufikisha kwenye Mavuno."

"Nimeyaleta." Chiriku aliiweka karatasi mezani. "Mama, huu ukurasa naomba nikusomee kuanzia chini."

Akaanza na zile herufi ndogo, polepole, kwa sauti kamili. "Maana yake, ukiachishwa kazi na ukashindwa kuchangia, ukidai pesa yako unapewa nusu. Nusu nyingine inabaki kwao."

"Hizo ni gharama za uendeshaji," afisa alisema.

"Za kuendesha nini, dada?"

Mwalimu alikohoa. "Mwanafunzi haruhusiwi kumkatisha mteja tamaa. Muulize tu kama anasaini."

Dobi aliwatazama mmoja mmoja. "Nisiposaini, huyu mtoto inakuwaje?"

"Mpango unahesabika haujakamilika," mwalimu alijibu, macho yake kwenye meza. "Atarudia mwaka."

"Basi leteni kalamu."

"Mama, hapana."

"Nyamaza, mwanangu. Umekaa nami kwenye joto lile, hukuniona mjinga hata siku moja. Na mimi nina wangu shuleni. Nitachangia mwezi mmoja, mingine Mungu atajua."

Afisa alikuwa ameshafungua kalamu. Hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo hasira ilipompanda Chiriku. Alielewa kwamba jambo hili halikuwa geni chumbani humu. Kila mwaka wateja waliketi kwenye kiti hiki, wakasikia kwamba mtoto wa watu atafeli, na huruma yao ikashika kalamu. Herufi ndogo zilikuwa za kujilinda tu. Biashara yenyewe iliendeshwa kwa wema wa watu.

Aliivuta karatasi chini ya kiganja cha dobi, akaichana, akavichana na vipande vyake.

"Unajua unachofanya?" mwalimu aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Najua, mwalimu. Ulitufundisha vizuri."

Mwalimu aliinamisha uso. Afisa ndiye aliyesema, "Anayefuata."

Ukumbini dobi alizikumbatia kurasa zake kifuani. "Hizi naondoka nazo?"

"Ni zako, mama."

"Nimekuponza."

"Tumeponzana. Nenda kaone ile mashine kabla haijapata mwenyewe."

Dobi alimshika shavu kwa vile vidole vyake vilivyochubuka, akaondoka bila kugeuka. Chiriku akapiga simu. Upande wa pili msumeno wa chuma ulilia, ukanyamaza.

"Vipi, umemaliza?"

"Kaka, nimerudishwa mwaka."

"Umeiba mtihani?"

"Hapana."

"Umetukana mtu?"

"Nimechana karatasi ya mfadhili."

Akamweleza. Kaka alivuta pumzi ndefu, na Chiriku akajua ile pumzi ilikuwa imebeba nini: ada nyingine, na mchumba wa kuambiwa asubiri tena.

"Umeniumiza," kaka alisema hatimaye. "Lakini ungemwacha yule mama asaini, usingekanyaga hapa kwangu. Njoo ule."

Alikata simu. Kwenye benchi la ukumbini wateja wa wenzake walikuwa wakisubiri kuitwa: fundi viatu mzee, mama muuza mitumba, mfagiaji wa stendi. Wote wameoga, wote na wasiwasi wa watu waliovaa viatu vinavyobana.

"Binti," fundi viatu alimwita, "huko ndani wanauliza maswali magumu?"

Angeweza kusema hapana na kwenda zake.

"Maswali si magumu, mzee. Karatasi ya mwisho ndiyo ngumu. Nipisheni nikae."

Akaanza kueleza. Mama wa mitumba aliuliza, akauliza tena, akatoa mfukoni nakala ya ukurasa ule aliyopewa na mwanafunzi wake, wakaisoma wote wakiwa wameinamiana vichwa. Wa kwanza aliyeitwa aliingia akiwa amekunja uso, akatoka haraka kuliko ilivyotarajiwa. "Nimewaambia nitafikiria," alisema. "Yule mwanafunzi wangu amelia. Sasa tufanyeje?"

"Mkatae wengi kwa pamoja," Chiriku alisema. "Hawawezi kurudisha darasa zima."

Hakuwa na hakika. Alilisema hata hivyo.

Mlinzi alikuja akiburuta buti. "Wewe ndiye Chiriku? Nimeagizwa nikutoe jengoni."

"Nitoe."

Mlinzi aliwatazama waliokaa, akatazama na mlango wa ofisi, ambao ulikuwa umefungwa.

"Nimeambiwa jengoni tu," alisema. "Uwanjani sijaambiwa kitu."

Fundi viatu alisimama kwanza, akashika benchi upande mmoja. Mfagiaji akashika wa pili. Wakalitoa nje, mama wa mitumba akiwafungulia mlango.

"Hilo ni la chuo!" mlinzi alipiga kelele nyuma yao. "Mtalirudisha!"

"Tukimaliza!" Chiriku alijibu.