Chaneli ya Kumi na Tatu

Syombua alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha watu kwa miaka ishirini, na sasa mumewe Festus alikuwa anamaliza wiki ya tatu akishindwa kuunganisha laptopu moja na nyumba ya jirani. Syombua hakuwa mtu wa kumwambia hivyo usoni. Kila asubuhi alimwekea chai kando ya ile mashine na kumwuliza kwa sauti yake ya zamani ya kazini:

"Mwalimu, amepatikana?"

"Bado," Festus alijibu bila kuinua macho.

"Sawa. Nitapiga tena baadaye."

Ulikuwa mwaka wa 2009. Laptopu ililetwa na mwana wao Muema wakati wa Pasaka, ikiwa na kijicho cha kamera juu ya kioo. Mwezi haukuisha kabla Festus hajafuta kila kilichokuwa ndani yake na kupakia Linux. Alikuwa amefundisha ufundi wa umeme kwa miaka thelathini katika chuo cha ufundi, na aliamini kwamba chombo ambacho hukubaliwi kukifungua uone kilivyoungwa si chako, umeazimwa tu. Alipogundua kuna watu duniani wanaounda mfumo mzima wa kompyuta na kuuacha wazi ili yeyote auchungulie, alifurahi kama aliyepata ndugu waliopotea. Aliandika barua pepe, nao wakamtumia diski bure kwa posta. Baada ya hapo alihubiri Linux kanisani, sokoni na matangani, hata padri akajifunza kumsalimia bila kusimama.

Ubaya ni kwamba kadi ya mtandao usio na waya haikuitambua Linux, wala Linux haikuitambua kadi. Kwa muda mrefu jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu hapo mtaani Mumbuni hapakuwa na mtandao wa kunasa. Kisha Wambugu, jirani yao mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, akamleta fundi aliyepandisha antena ya mtandao kwenye paa lake.

"Mwambie Mwalimu, mkitaka tumieni tu," Wambugu alisema siku hiyo akiwa upande wake wa ua, akampa Syombua kikaratasi chenye neno la siri. "Mimi naongea na shangazi yangu huko Kanada kwa hiyo. Sauti safi kabisa. Na yeye ni mtu wa simu, alikuwa opereta Posta ya Nyeri."

Syombua alikuwa ameshika beseni la nguo. Akaliweka chini.

"Shangazi yako anaitwa nani?"

"Winrose."

"Winrose wa Nyeri," alisema Syombua polepole, kama anayesoma jina kwenye bahasha. "Mwambie Machakos anamtafuta. Atajua."

Kwa wasiokumbuka, zamani za Posta na Simu, mtu wa Machakos aliyetaka kuongea na mtu wa Nyeri alimwomba opereta, opereta akachomeka waya kwenye bodi yake akaomba njia kupitia Nairobi, na upande wa pili opereta mwingine akaitika. Kwa Syombua, aliyeitika alikuwa Winrose. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa sauti tu, wakaibiana dakika mbili tatu kila zamu: watoto wameota meno, mvua imenyesha, bosi ameamka vibaya.

Mwaka wa 1983 iliingia simu kutoka Nyeri saa nne asubuhi. Kabla ya kumpitisha mpigaji, Winrose aliuliza, "Machakos, uko peke yako kwenye zamu?" Syombua akasema yuko na mwenzake. "Mwambie ashike bodi. Wewe kaa vizuri kwanza." Kaka yake Syombua, aliyekuwa dereva wa lori huko, alikuwa amefariki hospitalini. Winrose alimpa habari hiyo yeye mwenyewe, taratibu, kinyume cha kanuni zote, halafu hakukata. Kwa karibu saa nzima Syombua alilia na vifaa vya kusikilizia masikioni, na huko Nyeri mtu ambaye hakumjua sura alikaa naye kwenye laini bila kusema kitu. Kisha mashine za kujiendesha zikaletwa, mabodi yakafungwa, na kila mmoja akaenda kwao bila namba ya mwenzake.

Jibu kutoka Kanada lilikuja siku iliyofuata: Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni za Machakos, saa moja asubuhi za kule, na iwe kwa picha. Kompyuta ya Wambugu haikuwa na kamera. Laptopu ya Festus ilikuwa nayo.

Festus alisema hilo ni jambo la jioni moja.

Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaandika kwenye jalada: MATENGENEZO. Jioni ya kwanza aligundua kwamba kadi inahitaji programu ndogo ya kuiamsha, na kwamba waliounda kadi hawakutaka kuwapa watu wa Linux programu hiyo.

"Ipo lakini," alimwambia mkewe. "Inapatikana kwenye mtandao."

Syombua alikuwa akichambua maharagwe. "Kwa hivyo ukitaka kuingia kwenye mtandao, lazima uwe umeingia kwenye mtandao."

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Naendelea kusikiliza."

Alikwenda mjini, kwenye saiba ya kukodi mtandao, akarudi na faili kwenye flashi. Faili likasema haliwezi kufanya kazi bila jingine. Akarudi mjini kesho yake akalileta hilo jingine, nalo likataka wenzake wawili. Safari ya nne Syombua alimfungia viazi vitamu kwenye mfuko, kama mtu anayekwenda kulima shamba la mbali.

"Hao ndugu zako," aliuliza, "kila mmoja ana ndugu yake?"

"Zinategemeana," alisema Festus kwa heshima.

"Kama watu wa kwenu tu."

Mwishowe Festus alimeza fahari yake, akabeba laptopu hadi sebuleni kwa Wambugu, akaichomeka kwa waya, na kila kitu kikajipakua chenyewe kwa dakika sita. Taa ndogo ya buluu iliyokuwa imelala tangu Pasaka ikawaka. Alirudi nyumbani ameinyanyua mashine mbele yake kama trei ya keki ya harusi.

Lakini mtandao wa Wambugu haukuonekana. Kioo kilionyesha mtandao wa loji iliyo ng'ambo ya barabara, na mwingine wa mtu asiyejulikana aliyeuita wake "Usijaribu". Wa Wambugu, umbali wa hatua ishirini, hakuna. Na binti wa Wambugu, mwenye laptopu ya Windows isiyo na kamera, aliunasa hata akikaa nyuma ya banda la kuku.

Hilo la banda la kuku lilimuuma Festus kuliko yote. Alijaza kurasa thelathini na moja. Alizima na kuwasha. Alisogeza meza dirishani, akaisogeza tena hadi mlangoni, na siku mbili walikula muthokoi wakiwa wameinama kando ya friji kwa sababu hapo ndipo aliposema mawimbi yanapita.

Jumapili ikafika. Walitoka misa ya pili, wakala, na saa tisa Syombua akavaa gauni lake la kijani na kilemba chake, akaketi kwenye kochi na mikono mapajani. Festus alikuwa mezani, shati limetoka kwenye suruali.

"Tunaweza kwenda kwa Wambugu, tuchomeke waya," alisema bila kumtazama.

Kutoka ng'ambo ya ua zilisikika nyimbo. Jumuiya ndogo ya kanisa ilikuwa inasali kwa Wambugu siku hiyo, na sebule ilikuwa imejaa hadi kizingitini.

"Miaka ishirini nilimsikia, na kumi na minane nimemkosa," alisema Syombua. "Siwezi kumwona mara ya kwanza mbele ya watu arobaini wenye vitabu vya nyimbo."

Festus akainamia daftari. Sikio lake lilikuwa limewiva, na Syombua, aliyemjua tangu akiwa kijana wa Mitaboni mwenye baiskeli moja na maneno mengi, aliona kwamba mzaha umefika mwisho wake. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Baba Muema, nieleze kama unamweleza opereta. Mashine inasikia?"

"Inasikia. Ile ya loji inaisikia vizuri."

"Basi masikio ni mazima. Na Wambugu anaita?"

"Anaita. Binti yake anamsikia."

"Basi mdomo wake ni mzima. Mmoja anaita, mwingine anasikia, na hawakutani. Hiyo kwetu haikuwa laini kukatika. Hiyo ilikuwa mtu amechomekwa kwenye tundu lisilofaa." Akavuta daftari. "Hizi namba ni za nini?"

"Hizo ni chaneli. Mawimbi yamegawanywa kama njia. Loji iko ya sita. Yule Usijaribu yuko ya kwanza."

"Na hapa?"

Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa kumi na nne, ambako Festus alikuwa amenakili, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, kila neno ambalo mashine ilimjibu, hata yale ambayo hakuyatilia maanani. Orodha ya chaneli ilianza moja ikaishia kumi na moja.

"Hizo ndizo kadi inazozijua," alisema Festus. "Kumi na moja."

"Na Wambugu yuko ya ngapi?"

Festus alipekua daftari. Katika kurasa thelathini na moja, hilo hakuwa amemwuliza mtu.

Syombua alikuwa ameshasimama. Alipita jikoni, akatoka nyuma hadi kwenye ua, akamwita mke wa Wambugu, Wangechi, aliyekuwa akimimina chai kwenye vikombe vya wageni. Wangechi akaingia ndani, na baada ya muda Wambugu akatoka, ameshika kitabu cha nyimbo kwa kidole ili asipoteze ukurasa.

"Samahani kwa kukutoa kwenye maombi," alisema Syombua. "Yule fundi wa antena, alikuweka chaneli gani?"

Wambugu akafikiri. "Kumi na tatu. Aliniambia huko hakuna mtu, nitakuwa peke yangu."

"Alikuambia ukweli. Tafadhali nihamishie kwenye ya tisa. Nina dakika kumi na mbili."

Wambugu alimtazama mama huyu wa gauni la kijani, ambaye tangu wahamie hapo alikuwa akiwauzia mayai, akarudi ndani karibu mbio. Nyimbo zikaendelea bila yeye. Syombua alibaki kwenye ua, amesimama wima, akihesabu moyoni kama alivyokuwa akihesabu dakika tatu tatu za wateja.

Festus akatokea mlangoni. "Ameonekana," alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Yuko juu kabisa ya orodha."

"Mpe neno la siri, usimkodolee macho."

Saa kumi na dakika mbili, mashine iliita. Kioo kilijaa vijiraba vya rangi, kikatulia, na mbele yao akaketi mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, amevaa sweta mbili, dirisha likiwa na giza nyuma yake.

Syombua alikuwa amejiandaa kwa mama mnene mwenye mashavu, kwa sababu ile sauti ilikuwa nzito na ya joto. Aliutazama uso huo kwa bidii, akautafuta, na haukuwa na mtu anayemjua. Akaanza kuogopa.

Kisha yule mwanamke akasema, "Machakos, nakusikia."

Alikuwa yeye. Syombua alifunika mdomo kwa kitambaa, na ilipita dakika nzima kabla hajaweza kuitika. Winrose alingoja. Kungoja alikujua.

"Nilidhani wewe ni mrefu," Winrose alisema hatimaye.

"Nami nilidhani wewe ni mnene."

"Nilikuwa. Nimekonda kwa baridi ya huku."

Waliongea. Walihesabu watoto, waume, waliozikwa. Winrose alisema kwamba siku ile ya mwaka themanini na tatu aliandikiwa barua ya onyo kwa kushikilia laini, na kwamba bado anayo. Syombua hakuwa amelijua hilo. Alisema tu, "Asante," na mara ya pili, "Asante, Nyeri," na Winrose akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kitu alichokingojea bila haraka.

Festus aliitwa aonekane. Aliinama mbele ya kamera akiwa bado na shati nje.

"Huyu ndiye aliyetuunganisha?" aliuliza Winrose.

Syombua alimtazama mumewe, macho mekundu, wino kwenye kidevu.

"Yeye ndiye fundi," alisema. "Amehangaika wiki tatu."

Festus aliondoka pale akitembea kama mtu aliyevishwa nishani, akaenda kukaa nje kwenye ngazi ili wanawake waongee.

Kesho yake aliamka mapema na hakutulia hadi alipojua sababu. Kadi, kumbe, ilikuwa imetoka kiwandani ikiamini kwamba iko Marekani, na huko chaneli zao huishia kumi na moja. Aliiandikia mstari mmoja mfupi wa kuiambia kwamba iko Kenya. Kisha akamwomba Wambugu arudi kumi na tatu, kwa majaribio tu. Wambugu akarudi. Mtandao ukaonekana palepale, nguvu zake zimejaa.

Alimwita Syombua kutoka jikoni, akamwonyesha.

"Kwa hivyo ilikuwa hapa kwetu miezi yote hii," alisema Syombua, "na haikujua iko wapi?"

"Hakuna aliyeiambia."

Syombua aliinama akausoma ule mstari, herufi kwa herufi, na hakupata la kumtania. Akamwomba kalamu, akaunakili nyuma ya kalenda ya kanisa, asije akauhitaji siku ambayo Festus hayupo.