Watumiaji Kumi na Wanne wa Bustani ya Ustawi

Mkuu wa Idara ya Mipangomiji aliutazama mchoro, akausogeza mbali, akausogeza karibu, kisha akasema hauna furaha. Miti ipo, mabenchi yapo, kijito kipo, lakini furaha hakuna. Akamwagiza Mchoraji aweke watu.

Mchoraji alifungua kwenye kompyuta lile faili la watu wa kupachika, akachagua kumi na wanne. Akaweka mwanamke anayekimbia bila kutoka jasho, mzee anayesoma gazeti, baba aliyembeba mtoto mabegani, bwana mwenye mbwa, na wengineo wa aina hiyo. Nguo zao zilikuwa zimepigwa pasi na hakuna aliyebeba mzigo. Mkuu akagonga muhuri kabla ya chakula cha mchana.

Eneo lenyewe Mchoraji alilijua nje ndani. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Shangazi alikuwa na kitalu cha miche kando ya kijito, na kwa miaka ishirini na miwili kila mche uliokosa mnunuzi aliupanda ukingoni. Ndiyo maana palikuwa na msitu mdogo, wenye ndege na vyura, na majirani waliposhindwa na joto la mabati walikwenda kukaa huko bila kuomba kibali kwa mtu. Kwa lugha ya idara, eneo lilikuwa wazi na halitumiki.

Mkutano wa kuwashirikisha wananchi uliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati wananchi wako kazini. Shangazi alikwenda. Alinyoosha mkono, akauliza miti yake itakuwaje. Mtaalamu wa mandhari akamweleza kwa upole kwamba mradi unarudisha uoto wa asili, na ili uoto wa asili urudi, sharti huu uliopo uondoke kwanza. Shangazi akasema ameelewa, na kwamba anakataa. Akaambiwa ana haki kabisa ya kukataa, ila fomu za kukataa zimekwisha. Mchoraji alikuwa mstari wa mbele, upande wa idara, akiangalia viatu vyake.

Tingatinga lilimaliza kazi kwa siku mbili. Kijito kikaingizwa kwenye bomba, na juu yake ikapakwa njia ya rangi ya buluu yenye mawimbi, watu wasije wakakisahau. Zikatandikwa nyasi za plastiki, ambazo hazinywi maji, kwa ajili ya kutunza mazingira. Miti mipya ikaja kwa lori, ikiwa ndani ya vyungu.

Siku ya uzinduzi, utepe ulipokatwa, watu kumi na wanne walikuwa wameshaingia. Kwa mbele walikuwa watu kamili. Kwa ubavu walikuwa wembamba kama karatasi, na upepo ukivuma iliwabidi washikilie mabenchi. Mgeni rasmi aliwapungia mkono, nao wakampungia. Mkuu alifurahishwa na mwitikio wa wananchi.

Majirani walipotaka kuingia, mlinzi aliwaonyesha mchoro uliobandikwa getini. Watumiaji ni kumi na wanne, akawahesabu kwa kidole, na wote wamo. Akitoka mmoja, ataingia mmoja. Majirani wakapanga foleni. Hakutoka mtu. Watu wale hawakusikia njaa, hawakubanwa na haja, wala hakuna aliyewasubiri nyumbani. Wiki ya pili foleni ikavunjika yenyewe, na kila mtu akarudi kwenye joto lake.

Jumapili Mchoraji alikwenda kumsalimia Shangazi. Alimkuta ameipanga miche iliyosalimika kwenye makopo, koridoni, hata pa kupita hapakuwepo. Alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kiti. Chai ilipokwisha ndipo Shangazi akasema lake.

"Mwanangu, mbwa umempatia nafasi. Mimi ulikosa pa kuniweka?"



Jumatatu aliingia kazini kabla ya mfagizi. Akaufungua mchoro, akamweka Shangazi kwenye kona alipokuwa na kitalu. Hakumtoa kwenye faili, alimchora kwa mkono wake, na kitambaa chake cha kichwani na kopo lake la kumwagilia. Magoti, ambayo yalimsumbua mwaka wa saba sasa, akayanyoosha. Mkuu alipitisha marekebisho bila kuyasoma, kwa sababu yaliletwa pamoja na fomu yake ya likizo.

Siku iliyofuata Shangazi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaongozana na Mchoraji hadi getini. Mlinzi alimtazama, akautazama mchoro, akatazama ndani.

"Mama, wewe umo tayari," akasema. "Umeingia alfajiri."

Na kweli alikuwemo. Alikuwa anamwagilia nyasi za plastiki, mgongo umenyooka, anatabasamu. Mchoraji akamsihi mlinzi aangalie vizuri, mwenyewe ni huyu aliyesimama hapa. Mlinzi hakubisha. Alisema anaona, macho yake ni mazima, ila nafasi ya Mama ni moja na imeshatumika.

Shangazi alishika vyuma vya uzio, akajitazama kwa muda mrefu.

"Kopo analishika vibaya," akasema. "Ataumia kiwiko."

Mchoraji alirudi ofisini kumfuta, lakini mchoro ulikuwa umeshapelekwa makao makuu kama mfano wa kuwajali wazee. Akapandishwa cheo, akawa Mchoraji Mwandamizi. Tathmini ya kuridhika kwa watumiaji ikafanyika palepale bustanini, na wote kumi na watano walikuwa wameridhika.

Mvua zilipoanza, maji yalilikataa bomba. Yalifuata njia yao ya zamani, na kwa kuwa hapakuwa na mizizi ya kuyapunguza kasi, yakaingia kwa Shangazi kupitia mlango wa nyuma. Mchoraji alikuja mbio, wakainua kitanda juu ya matofali. Kupitia dirishani waliwaona watumiaji wa bustani, wakavu wote, na yule Shangazi mwingine akimwagilia katikati ya mvua. Jirani aliyepiga simu idarani alijibiwa kwamba wataalamu wamekwisha kagua, bustani haikupata madhara na wananchi wote wako salama.

Shangazi akavuta pazia.

"Shika upande ule wa kabati," akasema. "Ni zito."

Mchoraji Mwandamizi akakunja suruali, akashika.