Rihani Ndani ya Mafuta

Mtaani walimwita Mama Majani, na jina hilo halikumkera. Nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo majirani walifunga kamba za kuanikia nguo, yeye alipanda kotimiri, mnanaa na rihani. Kwenye ndoo ya rangi iliyotoboka alikuwa na kichaka cha rozimeri ambacho mumewe, seremala, alidai kinamkwaruza miguu makusudi kila akipita. Mama Majani hakuuza hata shina moja. Alikuwa mtu wa kupika tu, na alipika kama wengine wanavyoimba.

Majani mabichi yana shida moja: huja kwa pamoja na kufa kwa pamoja. Kwa miaka mingi alikuwa amejifunza tabia ya kila moja. Kotimiri aliikata ncha za mashina, akaisimamisha kwenye glasi yenye maji, akaivika mfuko kichwani na kuitia kwenye friji. Mnanaa aliuviringisha ndani ya kitambaa chenye unyevu. Rihani ndiyo iliyokuwa na madeko. Ukiitia kwenye baridi, asubuhi unaikuta imenuna na kuwa nyeusi, kwa hiyo ilikaa mezani ndani ya maji kama maua ya bibi arusi. Na yote aliyakatakata dakika ya mwisho, sufuria ikikaribia kuepuliwa, maana jani likichemshwa sana, alisema, hubaki jina.

Mwaka ule mvua ilikuja kwa mpango mzuri na rihani ikamshinda nguvu. Alipika nayo, akagawa, akagawa tena, mpaka majirani wakaanza kujificha wakimwona na kikapu. Ndipo akafikiria mafuta. Aliosha majani, akayapangusa, akayashindilia kwenye chupa tatu za kioo pamoja na punje za kitunguu saumu, kisha akamimina mafuta ya kula hadi kila kitu kikazama. Akazipanga dirishani jikoni, kwa sababu jua likizipiga zilikuwa nzuri mno kufichwa kabatini.

Chupa moja aliianza mwenyewe. Kila jioni alitia kijiko kikaangoni, mafuta yakalia, na seremala akaja jikoni bila kuitwa. Zile mbili aliziacha zikae. Aliamini kwamba kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokolea.

Wiki zikapita. Siku moja wifi yake akaja kula, pamoja na mama mkwe. Wifi alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Yeye na Mama Majani walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi, na utani wao ulikuwa wa kuparuzana, kiasi kwamba mgeni asiyewajua angedhani wanagombana. Siku hiyo Msusi aliangalia samaki aliyefunikwa kwa majani, akamwuliza kaka yake kama siku hizi analala ndani au anafungwa zizini pamoja na mbuzi wenzake. Seremala akacheka hadi akakohoa. Mama Majani, mikono ikiwa imejaa sahani, akajibu, "Kula wewe. Leo ulimi wako utashika adabu."

Msusi alikula, akaongeza, akalamba vidole. Alipokuwa akiaga aliiomba chupa ya dirishani bila haya, akisema akiyala mafuta yale kwa mkate kila asubuhi labda na yeye atapata mume wa kumfuata jikoni. Mama Majani alimfungia moja kwenye karatasi. Ile ya tatu alimpelekea jirani yake, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake na hakuwa mtu wa kujipikia vizuri. Jioni ile alilala moyo mweupe, kama mtu aliyetoa kitu chema.

Siku chache baadaye Msusi alipiga simu kutoka saluni. Alisema macho yanamchezea, kwamba mteja mmoja ana vichwa viwili na hajui asuke kipi. Mama Majani alimwambia asuke vyote, asije akamwonea mwenziwe. Wakacheka. Msusi akasema pia mdomo umemkauka, maji hayamtoshi, huenda ni uchovu. Mama Majani akamshauri apumzike na akaendelea kuchambua mchele. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Baadaye, kila alipoyakumbuka mazungumzo hayo, alichokumbuka zaidi ni kwamba alicheka.

Kesho yake mchana simu ililia tena, na safari hii alikuwa mama mkwe. Alisema binti yake hawezi kufumbua macho. Kope zimeanguka kama mapazia, anazifungua kwa vidole. Akiongea, maneno yanatoka mazito kama ya mlevi, na maji aliyopewa yamerudi kupitia puani. Seremala aliacha randa juu ya ubao, akaondoka na mkewe wakiwa na nguo za kazi.

Walipofika hospitali, Msusi alikuwa amelazwa chumba cha peke yake. Mama Majani alimwona kupitia kioo cha mlango na hakumtambua. Uso uliokuwa hautulii hata usingizini ulikuwa umelala kama nguo iliyovuliwa. Kifua kilipanda kidogo, kikashuka, kikasita. Wauguzi walikuwa wakisukuma mashine kuelekea kitandani.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliwaita pembeni ya korido. Aliuliza kama mgonjwa aliwahi kuanguka, kama ana homa, kama ametumia dawa yoyote. Hapana. Akauliza alichokula siku za karibuni, hasa chakula cha kopo au kitu chochote kilichofungiwa kwa muda mrefu mahali pasipoingia hewa.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alisema binti yake alikuwa akila mkate na mafuta ya majani, asubuhi zote hizi. Yeye mwenyewe hakuyagusa kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

"Mafuta yalitoka wapi?" daktari akauliza.

Mama mkwe hakumtazama daktari. Alimtazama mkwewe. "Alipewa na huyu hapa," alisema. "Na nilimsikia kwa masikio yangu. Alimwambia ulimi wake utashika adabu."

Mama Majani alipigwa na butwaa. Alisikia gurudumu la kitoroli likilia mwisho wa korido, akasikia mtu akikohoa, na maneno yale yakamrudia masikioni kwa sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyoyasema. Alimgeukia mumewe. Seremala alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu waoane, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mtu huyu. Ilikuwa kwa kitambo kidogo tu, kisha akainamisha kichwa. Lakini Mama Majani aliiona, na akaketi sakafuni.

Daktari aliinama akamwuliza jinsi alivyoyatengeneza mafuta hayo. Akaeleza: majani, vitunguu saumu, mafuta juu, dirishani. Daktari alitikisa kichwa polepole, kisha akamgeukia mama mkwe na kuzungumza naye kwa heshima, akimwita mama. Alimwambia kwamba hakuna mtu aliyetia sumu. Kuna kijidudu kinachoishi kwenye udongo, na udongo hauondoki wote kwenye jani hata ulioshe vipi. Mahali penye hewa kimelala tu. Ukikizamisha ndani ya mafuta, hewa haifiki, na joto la jikoni linakiamsha, na kikiamka hutengeneza sumu inayopooza mwili kuanzia machoni kushuka chini. Haina harufu. Haina rangi. Chakula kinabaki na utamu wake.

"Lakini sisi tuliyala," Mama Majani alisema. "Chupa yetu tumeimaliza."

Daktari aliuliza kama waliyala mabichi au kwenye moto. Kwenye moto, kila siku, yakichemka. Basi huenda moto ndio uliowaokoa, daktari alisema. Aliongeza kuwa dawa ya kuzima sumu hiyo ipo hospitali kubwa zaidi na ameshaagiza iletwe, kwamba itaizuia sumu isiendelee lakini haitarudisha kilichokwishapooza. Hicho kitarudi chenyewe, taratibu, na mpaka hapo mashine itampumulia. Kisha akauliza swali ambalo Mama Majani hakuwa amejiuliza.

"Kuna mtu mwingine ana chupa?"

Mama Majani alikuwa ameshainuka na anakimbia.

Simu ya Mwalimu iliita bila kupokelewa. Seremala alimfuata mkewe hadi barabarani, wakapata pikipiki, wakabanana wote wawili nyuma ya dereva. Mama Majani alikuwa akimwona mzee yule akiwa ameketi mbele ya sahani, akichovya mkate. Alimwona sakafuni. Aliona macho yake yakiwa yamefumba na hakuna mtu nyumbani wa kumfumbulia.

Mlango wa Mwalimu haukuwa umefungwa. Alikuwa mezani kweli, na mkate ulikuwa mbele yake kweli. Mama Majani aliupiga mkate ule kwa kiganja, ukaruka hadi ukutani, kisha akamshika mzee mashavu kwa mikono miwili na kumtazama macho, moja baada ya jingine. Yalikuwa wazi, makali, na yamekasirika kiasi.

Seremala ndiye aliyeeleza. Mwalimu alisikiliza, akashusha macho kama mwanafunzi aliyekamatwa. Hatimaye alisema kuna jambo ambalo hakutaka Mama Majani alijue, kwa sababu ya ujirani. Harufu ya kitunguu saumu humgeuza tumbo. Lakini hakuweza kumrudishia mtu zawadi. Basi mafuta yale aliyatumia kulainisha bawaba za milango, zilikuwa zikipiga kelele mno, na zimetulia kabisa.

Mama Majani alikwenda mlangoni, akausukuma, ukafunguka kimya. Akainusa bawaba. Ilinukia rihani. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, na katikati yake kikageuka kuwa kilio, akalia akiwa ameshikilia ubao wa mlango huku wanaume wawili wakimtazama bila kujua la kufanya. Seremala alimfikia, akamwekea mkono mgongoni. Kisha alichukua chupa iliyobaki, akaifunga ndani ya mifuko miwili, akaipeleka kwa daktari kupimwa.

Waliporudi hospitali, Msusi alikuwa na bomba kinywani na mashine ikimpumulia. Mama mkwe aliketi upande mmoja wa kitanda. Alikuwa amemsikia daktari, na pengine alimwelewa, lakini hofu haisikii maelezo. Alimwambia mkwewe atoke nje. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka, kwamba hamtaki karibu na mwanawe.

Muuguzi aliyekuwa akirekebisha mashine alisema kitu kama mtu anayekumbusha tu. "Anasikia, jamani. Mwili ndio uliolala. Yeye yumo humo, anasikia yote."

Mama Majani aliganda. Tangu mchana walikuwa wakizungumza juu ya mtu huyu kama kwamba hayupo, na kumbe alikuwa gizani nyuma ya kope zake, akisikia mamake akilia, akisikia nani anadaiwa kumfanya nini. Alisahau kwamba amefukuzwa. Alikwenda kitandani akaushika mkono wa Msusi na kumwambia, kwa maneno yaliyogongana, kwamba ni mafuta yale, kwamba hakujua, kwamba dawa iko njiani.

Mama mkwe aliinuka kuja kumtoa. Akasimama, kwa sababu aliviona vidole. Havikuwa na nguvu ya kushika hata uzi, vidole vilivyosuka nusu ya wanawake wa mtaa ule, lakini vilikuwa vinajikunja, kidogo kidogo, juu ya kidole gumba cha wifi yake. Vikakizunguka. Vikabaki hapo.

Mama mkwe alikitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Hakuomba radhi, wala siku hiyo hakuna aliyetegemea. Alirudi kwenye kiti chake, akavuta kingine kwa mguu, akakisukuma upande wa mkwewe.

Dawa ilifika kabla jua halijazama. Kupona kulikwenda kwa mwendo wa konokono. Wiki zilipita kabla mashine haijaondolewa, na miezi kabla Msusi hajapanda ngazi bila kupumzika. Saluni iliendeshwa na wenzake. Vidole vilichelewa kuliko vyote. Alikuwa akianza kusuka, anafika katikati ya kichwa, mikono inatetemeka anaiweka mapajani na kuitazama.

Mama Majani hakuacha kulima. Rihani sasa aliisaga na mafuta na kuigandisha papo hapo kwenye trei za barafu, na hakuna kilichokaa dirishani. Ila kupakulia watu ndiko kulikomshinda. Alipika, akaacha sufuria mezani, kila mtu ajipakulie, naye akasimama mbali akiwa amekunja mikono. Mumewe aliliona hilo.

Siku Msusi aliporudi kula kwao, alikuja na fimbo na jicho moja lililokuwa bado linasinzia. Aliketi, hakugusa sufuria. Alimsukumia wifi yake sahani tupu na kungoja. Mama Majani alipakua supu ya kuku yenye kotimiri juu, akaiweka mbele yake.

Msusi aliitazama sahani. Kisha akaisukuma kuirudisha, kwa uso usiocheka hata kidogo.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Kijiko kilimwanguka mama mkwe. Msusi aliwazungushia macho wote, lile zima na lile linalosinzia, na pembe moja ya mdomo wake, ile iliyokuwa imepona mapema, ikaanza kupanda.

"Natania, wifi. Nipe chumvi."

Mama Majani alimpa chumvi. Alimpa pia kofi la begani, si jepesi, na mama mkwe akasema mgonjwa hapigwi. Msusi alikula polepole, akimeza kwa uangalifu kama alivyofundishwa, kijiko baada ya kijiko, na wifi yake aliketi kando yake akimtazama kooni mpaka sahani ikaisha.