Mwanasesere wa Ziwani

Watoto wa kambi ya kanisa wangefika Jumapili, na walezi wao walikuwa bado wanafundishwa kumtafuta aliyezama. Walishikana mikono, wakatembea mstari mmoja ziwani, wakipapasa tope kwa nyayo. Barafu ya Minnesota ilikuwa imeyeyuka juzi tu, na Annika alimlaani kimoyomoyo Mchungaji Lindquist na mwanasesere wake wa mpira wa mazoezi, wa kimo cha mtoto, ambaye mpishi Dale alitumwa kumzamisha asubuhi.

"Annika, acha kudeka!" Mchungaji alifoka kutoka ufukoni. "Angekuwa mdogo wako je?"

Mguu wa Annika ukakanyaga kiganja.

"Nimempata! Haya, tutoke, tumeganda!"

Ndipo Dale akaja mbio kutoka jikoni, mwanasesere begani, mkavu.

"Nisamehe, Mchungaji. Huyu nilimsahau."