Feni Iliyoomba Tunyamaze

Usiku wa jana ndoto haikungoja hata blanketi lipate joto. Ikanikuta nimeshapiga magoti ndani ya pikapu yetu kuukuu, kichwa chini ya dashibodi, natafuta kwa nini feni ya hita haizunguki.

Sikuwa nachezea gari. Asubuhi mama yangu anatakiwa hospitali kwa ajili ya kifua, na safari iliyopita baridi ya Makete ilimpiga njia nzima. Ameapa kwamba gari lisipokuwa na joto haendi, atabaki jikoni kwake akohoe mpaka Mungu achoke. Nampenda mama yangu. Sitaki Mungu achoke.

Fundi Ambele, anayenifundisha kazi ya magari, hunikumbusha kila siku nisimhukumu mota kabla sijamhoji fyuzi. Basi fyuzi anatoka, amevaa tai, anaketi kwenye kiti cha mwenyekiti wa kijiji. Namhoji. Anafungua koti nione waya wake wa ndani, nao haujakatika. Ananiomba nisimpotezee muda, kuna foleni. Nyuma yake ni swichi, ambaye anaapa kwamba umeme anaupeleka kila anapobonyezwa. Namwamini, ana uso wa mtu wa kanisani.

Nikigeuka, chini ya dashibodi pamekuwa jikoni kwa mama. Moto unawaka. Feni ameketi kwenye kigoda, amekunja mapanga yake kama bibi aliyepakata mjukuu.

"Umekufa?" namwuliza.

"Sijafa. Punguza sauti."

"Umeme unakufikia?"

"Unanifikia. Lakini nikizunguka nitawaumiza."

Anafunua mapanga kidogo. Vitoto vya panya, vyekundu, macho bado hayajafunguka, vimelala juu ya sufu ya kijani.

Mama yao anakuja na sahani ya viazi, ananikaribisha, kisha ananieleza kwa upole kwamba mwenyeji wao ni mimi. Kweli tupu. Nyumbani kwetu mbegu za viazi hulazwa ndani ya gari ili barafu isiziunguze. Mgeni akipewa chakula na kitanda, aondoke aende wapi?

"Mama yangu anaumwa," namwambia.

Anaweka sahani chini.

"Basi tuhamishe," anasema. "Ila usiwaweke wanangu kwenye umande."

Namwahidi. Ananifunga uzi wa sufu kidoleni, kwa sababu, anasema, ahadi za wanaume huyeyuka kukipambazuka.

Nikaamka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, kichwa wazi, maana kofia yake ya sufu ya kijani ilipotea tangu mavuno na mpaka leo anamshuku jirani. Akaniuliza kama gari lina joto, au arudi jikoni.

Nikatazama kidole changu. Uzi wa kijani ulikuwepo, na fundo lake.

Nikamwomba mama anisubiri kidogo. Nikachukua bisibisi, nikatoka. Kisha nikarudi kuchukua kikapu.