Mboni Kwenye Jua

...na hapo ndipo Gordon anaposema kwamba ile gesi ya sumu haipandi, inakaa chini kama maji, kwa hivyo ikija usilale sakafuni, usiingie shimoni, panda juu, na mimi niko juu tayari, juu ya paa la ploti tunayopanga hapa Kariobangi, simu nimeibana kati ya sikio na bega, Okinyi ameketi kwenye beseni juu ya nguo zilizokamuliwa akitafuna kibanio, na sauti aliyonirekodia baba yake, Gordon, inatoka huko jangwani, kwenye kambi ya jeshi la kigeni anakolinda lango, inaongea polepole kama ya mtu anayesoma, maana amefundishwa jana na anaogopa kusahau, ukiskia mtu amepiga kelele gesi, Phelister, unafunga macho, unashika pumzi, unavaa barakoa, si ile ya korona, hii inafunika uso wote unakaa kama nzi, unavaa yako kwanza ndio umvalishe mwenzako... yako kwanza, sijui nani alitunga sheria hiyo, hakuwa mama, sisi polisi wakirusha vitoza machozi hapa chini naloweka leso namfunika mtoto, mimi nitakohoa baadaye, halafu namsukuma chini ya kitanda kwa sababu ya risasi, sasa kama risasi inapita juu na gesi inakaa chini, mtoto anawekwa wapi... "Gesi imeisha, Mama Okinyi?" ni Sahro, jirani wa mlango wa pili, amesikia neno moja tu, "kuja upikie kwangu, mtungi bado mzito," namwambia hapana, Mama Mumin, ni gesi ya huko kwa Gordon, "Huko pia imeisha?" na ninacheka, kicheko kinanichosha kama kazi, naye anasogeza mashuka yake kwenye kamba ili nepi zangu zipate jua... Gordon anasema kuna stoo ya vita vya zamani, mapipa ya gesi hiyo yameanza kuvuja, wanataka walinzi wa kukubali wenyewe, mwaka mmoja tu, tumalize ile nyumba ya nyumbani, ukisema ndio natia sahihi leo jioni, ukisema hapana narudi mwezi ujao, lakini usiogope, wametufundisha vizuri... wamemnyoa ndevu pia, barakoa haishiki penye ndevu, kwenye picha aliyotuma ana kidevu cha mtoto, na nyuma yake kuna Maingi, kijana wa Ukambani, anamkaza mkanda kisogoni kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kofia, Mungu ambariki Maingi, si ndugu wala jirani wa Gordon... ingine inanuka kitunguu saumu, anasema, ingine hainuki kabisa, ukiona ndege wameanguka na hakuna aliyewapiga, jua, ukiona matone kama mafuta juu ya mchanga, usiguse, pua inatoka maji, mate yanatiririka, kifua kinabana, lakini ya kuangalia kwanza ni macho, mboni inanywea inakuwa kama nukta ya kalamu, mimi naangalia za Maingi, yeye anaangalia zangu, akiona zimenywea ananidunga sindano ya dawa pajani, juu ya suruali tu... mboni, nyanya alikuwa akiniita mboni ya jicho lake, sikujua kumbe inaweza kunywea, namtazama Okinyi, ananitazama, pua yake inatoka maji, mate yamelowesha kifua, na mboni zake ni nukta, nukta kabisa, na harufu ya rangi inapanda kutoka gereji chini, au si rangi, nimemnyakua kabla sijafikiri, simu imeanguka kwenye nepi na bado inaongea, "Nini?" anauliza Sahro, macho yake, Mama Mumin, angalia macho yake, anamshika kidevu, anaangalia, kisha anainua ncha ya mtandio wake mpana, anautandaza juu ya uso wa mtoto kama hema, "Ni jua, walaal, dada yangu, na meno yanaota, umechoka wewe," na ndani ya kivuli hicho naona mboni za mwanangu zikifunguka, polepole, nyeusi, pana, mpaka najiona humo... nashukuru, nashukuru, halafu wazo lingine linakuja bila haraka, kwamba huko kwa Gordon hakuna kivuli, amesema mwenyewe jua la lango lile linakaanga yai juu ya bati, kwa hivyo Maingi ataangalia macho yake adhuhuri na ataona nukta, na kesho nukta, kila siku nukta, atajuaje siku ambayo si jua, atasimama na sindano mkononi, na huruma yake yote, akisubiri kuwa na hakika... wamewafundisha vizuri, ndiyo, ila aliyewafundisha alikuwa ndani ya chumba... sauti imekwisha, naokota simu, naifuta kwa khanga, nabonyeza pale pa kuongea na kwanza inatoka pumzi yangu tu, mwaka mmoja, ile nyumba haina paa, wacha ikose paa, hapana, nasema, Baba Okinyi, hapana, na sauti yangu haitetemeki, nguo bado ziko kwenye beseni, Sahro bado ameinua mtandio, mkono wake umechoka, lakini haushushi.