Mashine ya Utepe Mwekundu

Ile mibonyeo kwenye mlango wa stoo ya kituo chetu cha afya ni yangu. Wageni wakiuliza wanaambiwa lori la saruji lilirudi nyuma vibaya. Uongo mtupu. Ni mie, Mwanakheri, mkulima wa mwani wa hapa hapa Makunduchi, na mchi wa kutwangia nilioukimbilia nyumbani. Mlango ni wa chuma, mchi ni wa mti. Mlango ukashinda.

Ndani ya stoo mlikuwa na mashine ya oksijeni, mpya, imefungwa utepe mwekundu kama keki ya harusi. Chumba cha pili, juu ya meza ya mkunga, alikuwepo mtoto wa mdogo wangu Tahiya, ndiyo kwanza kazaliwa, midomo imemgeuka rangi kama aliyekula zambarau. Baina yao palikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikuwa mjini, mfukoni mwa Mwalimu Wakil.

Mashine ile haikushuka kutoka mbinguni. Niliiomba mie, kwa mdomo wangu huu.

Mwalimu Wakil ni mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya kituo. Mtu mwema, wallahi, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimchukie vipi. Miaka mingi alikuwa akiwaandikia wafadhili maombi ya vifaa: vitanda, mizani, mashine ya oksijeni. Wengine wakimjibu kwa asante, wengine hawamjibu kabisa. Halafu mwanangu Miraji akazaliwa kituoni hapo, pumzi zikamshinda, na kituo hakikuwa na cha kumpa. Akanifia mapajani, garini, tukimkimbiza mjini. Baada ya mwaka Mwalimu akaja kwangu, akakaa barazani, akazungusha kofia yake mkononi.

"Mwanakheri, nshajua tunakosea wapi. Wafadhili hawataki hesabu zangu. Wanataka mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe."

Tukenda mjini, Kiponda, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani yenye ngazi za kumtoa mtu roho. Huko ndiko ilikokuwa ofisi ya mfuko wa sadaka wa Mzee Rajnikant, mfanyabiashara wa vitambaa, alioufungua kwa kumkumbuka mkewe. Katibu wake, Bi Tasneem, alitupokea vizuri, akatupa chai ya maziwa na kachori, kisha akaniwekea simu mbele ya uso anirikodi.

Nikasema. Nilipofika pale pa garini, sauti ikanikatika. Bi Tasneem akashusha simu.

"Bi Mwanakheri, samahani sana, yaani nnaona haya kukuomba. Hapo uliponyamaza, unaweza kurudia? Simu ilizimika."

Nikamzika Miraji mara ya pili. Mara ya tatu nikaambiwa nielekee dirishani, kuna mwangaza mzuri zaidi. Mwalimu Wakil alikuwa nyuma ya simu, ananikumbusha kwa kunong'ona, "Ile fulana. Waambie ile fulana uliyomfumia." Basi nikawaambia na fulana. Nilitaka kuinuka niondoke. Lakini Tahiya alikuwa keshaposwa, na mimi nilishaona huko mbele: ataolewa, atabeba, atalala kwenye kitanda kile kile nilicholalia mie. Ningemzika Miraji mara mia siku ile.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mzee mwembamba na bakora, Mzee Rajnikant mwenyewe. Alikuwa akisikiliza muda wote. Akanitazama.

"Alikuwa na jina?"

Maneno yote yale, na hakuna aliyeniuliza hilo.

"Miraji."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mtaipata," akasema, akarudi chumbani kwake. Hakutaja utepe. Hakutaja picha wala sherehe. Wakati ule sikuona kama hilo lina maana yoyote.

Mashine ikaja Tahiya akiwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Kijiji kizima tulitoka kuiona ikiteremshwa. Tahiya akalipigapiga lile boksi kwa kiganja, kisha akalipigapiga tumbo lake. "Hii yako, mwanangu. Mama mkubwa wako kakuombea." Watu wakacheka, na mie nikacheka. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Nesi Badria, mkunga wetu, akataka iingizwe moja kwa moja chumba cha wazazi. Mwalimu Wakil akamzuia.

"Iende stoo kwanza. Mzee yuko Bombay kwa matibabu ya macho. Mtu akupe zawadi, wewe uitumie kabla mwenyewe hajaikabidhi? Atatuona watu gani?"

Na hakuna aliyembishia. Sisi ndivyo tulivyolelewa, mtu akikuletea kitu kilichofunikwa hukifunui na yeye bado hajakaa. Tukaona adabu. Mpambaji akaitwa, yule yule anayepamba majumba ya maharusi, akaifunga utepe na ua kubwa mbele. Mwalimu akatia kufuli ili watoto wasije wakauchafua.

Uchungu ukamshika Tahiya siku ya Alkhamisi, sherehe ya kuikabidhi mashine imepangwa wiki ya pili yake. Mumewe alikuwa kazini Kizimbani. Mwalimu Wakil alikuwa Darajani, anachagua kitambaa cha meza kuu. Adhuhuri imeshapita, mtoto akatoka, wa kike, akalia mara moja kidogo, kisha akawa kama aliyesahau kinachofuata. Badria akamtia kile kipira cha kupulizia kwa mkono, anakiminya, anakiminya, jasho linamtoka puani.

"Anataka hewa. Mpigie Mwalimu."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Nyuma yake nilikuwa nasikia wauza vitambaa wakipiga kelele.

"Mwalimu, mtoto wa Tahiya hapumui. Tunavunja stoo."

"Msivunje! Subiri kwanza, Mwanakheri. Imeshapambwa ile. Mzee keshafika, anakuja na watu wa televisheni. Hospitali ya mjini mashine kama hizo zimejaa, mpelekeni. Gari nnalipia mie, sasa hivi nampigia dereva."

"Mwalimu, hafiki mjini huyu!"

"Atafika, inshallah. Msiiguse."

Nikamgeukia Badria. Hakuniangalia. "Mie mtumishi, Mwanakheri," akasema, na mikono yake haijaacha kuminya. "Nna watoto wanne. Nikivunja mlango wa serikali kwa amri ya nani?"

Basi mie si mtumishi wa mtu. Nikakimbilia nyumbani, nyuma tu ya kituo, nikachukua mchi. Nilipiga lile kufuli, nikaupiga mlango, nikapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Dereva alipopiga honi nilikuwa nishachanika viganja. Badria akanipigia kelele nimchukue mtoto, tunaondoka.

Tulikuwa bado hatujafika Tunguu. Badria akaacha kuminya, akakaa tu na kile kipira mkononi. Dereva akapunguza mwendo, akauliza twende au turudi. Nikamwambia turudi. Mtoto alikuwa hana hata jina, maana tulikuwa tunangojea siku ya saba.

Gari Mwalimu Wakil alilipa. Sisemi hakulipa.

Alikuja mazikoni, akalia kweli, mpaka watu wakamshika mabega. Nikadhani sherehe itaahirishwa. Lo! Ikawa ile ile siku, maturubai yale yale. Asubuhi yake akaja tena barazani kwangu na kofia yake.

"Mzee kakuulizia wewe kwa jina. Bila ya wewe haikai vizuri. Haya ya Tahiya tusiyataje leo. Alilopanga Mungu limeshapita. Ni siku ya furaha ya watu."

Nikenda. Nilitaka kumuona tena mtu aliyengojewa hivyo.

Mlango wa stoo walikuwa wameufunika pazia jeupe lenye mashada. Watoto wa madrasa walisoma kaswida, spika zikatoa mlio wa kutoboa masikio. Mashine ilitolewa nje, ikawekwa juu ya meza, utepe wake safi kabisa. Mwalimu akasimulia kisa cha Miraji, na fulana yake, akaeleza mpaka wanawake wengine wakafuta machozi. Kisha akaniita mbele.

Mzee Rajnikant alikuwa kashika mkasi. Jicho moja lilikuwa na kitambaa cha daktari, lakini alinijua. Akatabasamu.

"Mama Miraji," akasema, na kipaza sauti kikamchukua. "Niambie. Imeshasaidia watoto wangapi?"

Mwalimu Wakil akatazama chini. Badria, pale kwenye safu ya wauguzi, akafunika mdomo kwa mtandio. Nilijua nakwenda kumchoma mtu asiyekuwa na kosa hata chembe. Nilijua, na bado nikataka achomeke, maana ni yeye tu peke yake katika kundi lote lile aliyekuwa na moyo wa kuchomeka.

"Hata mmoja, Mzee. Ilikuwa ikikungoja wewe."

Watu wakapiga makofi! Vigelegele, wallahi. Waliona nimesema jambo la heshima kubwa, na Mwalimu akawa wa mwanzo kupiga. Mzee peke yake hakupiga. Uso wake ulikuwa umeanza kutabasamu na ukaishia njiani.

"Nani aliwaambia mningoje?" akauliza.

Aliuliza polepole, na kipaza sauti kilikuwa kimeshaondolewa. Mpiga picha akamwomba ageuke kidogo. Akageuka, akaukata utepe, na ilibidi akate mara mbili.

Sikungoja biriani. Nilirudi nyumbani, nikamkuta Tahiya chumbani, kalala ubavu, kifua kimekazwa kwa kanga maana maziwa yalikuwa yanamtoka na hayana wa kuyanyonya. Dirisha lake linaelekea kituoni. Uji niliomwachia ulikuwa pale pale, umeganda.

"Nimekusikia," akasema.

Nikakaa kitandani miguuni pake.

"Wamekupigia makofi."

"Wamepiga."

Nje walikuwa wameanza kaswida nyengine.

"Wameiwasha?"

"Wameiwasha."

"Inalia vipi, dada?"

Nilitamani niwe na kitu kikubwa cha kumwambia, kitu kinacholingana na yote yale. Lakini niliisikia kwa masikio yangu, na mdogo wangu sijapata kumdanganya.

"Hailii," nikasema. "Inavuma tu. Kama friji."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu dukani. Kisha akageukia ukutani, akaniomba nimfungie dirisha.